Kwa Nini Mashine ya Maji Inagoma Ikitoka Stoo

Mwezi Juni, masika yakishapita na udongo ukianza kupasuka, mashine za maji, yaani pampu za petroli za kumwagilia, hutolewa stoo katika kila bonde la bustani: kandokando ya Ruvu na Wami, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye mashamba ya nyanya ya Loitokitok. Mwenye mashine anamimina petroli, anavuta choki, anavuta kamba. Anavuta tena. Akifika mara ya thelathini bega linauma na miche kitaluni imeshalegea. Fundi anaitwa. Anafungua kikombe kilicho chini ya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, anakuta utando wa kahawia unaonata vidoleni kama ulimbo wa fenesi. Anauliza swali moja tu: "Mzee, uliilaza na mafuta ndani?"

Ililazwa na mafuta ndani, kama zinavyolazwa nyingi. Nimeliona hilo kwetu, nimeliona kwa majirani, na kila mwaka linakula siku za kumwagilia ambazo mche hauna subira nazo. Mashine hiyo haikuharibiwa na kazi. Iliharibika ikiwa imetulia, imefunikwa kiroba, haijaguswa na mtu. Ndiyo maana naona njia nzuri ya kuielewa mashine hii ni kuifuata petroli yenyewe: inakuwaje ndani ya tenki, inakuwaje ikipanda bodaboda, inakuwaje ikilala chumba kimoja na watu, na inakuwaje ikishaungua na kutokea kwenye ekzosi. Ukiijua petroli, masharti ya kwenye kijitabu cha mashine yanaacha kuwa amri tupu.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke upesi na kuiwasha injini ikiwa bado baridi. Ndivyo pia vinavyotoroka kwanza. Kabureta ina kitundu cha kupumulia, kwa hiyo mafuta yaliyobaki kwenye kikombe chake hupoteza vyepesi wiki baada ya wiki, na yale mazito yanayobaki hukutana na oksijeni ya hewa na kugeuka utomvu. Kikombe chenyewe kinaingia mafuta kidogo sana, na tundu la jeti yanapopita halifiki upana wa milimita moja. Utando mwembamba tu unatosha kuliziba. Ndani ya dumu lililofungwa vizuri na kuwekwa kivulini petroli hukaa miezi kadhaa bila kuharibika sana. Ndani ya kabureta, kwa joto letu, mwezi mmoja au miwili ni mingi.

Mafuta yaliyochakachuliwa huharakisha shida hiyo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, kwa hiyo yakichanganywa humo injini inakuwa ngumu kuwaka, inatoa masizi, na sehemu isiyoungua inateremka kando ya pistoni hadi kwenye oili. Nchini Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wanaochakachua. Lakini yale yanayouzwa kwenye chupa kando ya barabara hayana wa kuyapima isipokuwa wewe mwenyewe, na pua haitoshi. Nunua sheli yenye wateja wengi, kwa sababu mafuta yake hayakai.

Sasa kuhusu injini. Mashine nyingi za inchi 2 na inchi 3 (upana wa mdomo wa mpira) tunazozitumia, hata zile ambazo jina lake hulijui, zimefuata umbo la injini za Honda GX zilizoanza mwaka 1983: silinda moja iliyolala kwa mteremko, mipigo minne, na katika GX160 sentimita za ujazo 163. Ndani yake hakuna pampu ya kusukuma oili. Kuna kijiko kidogo tu chini ya mkono wa pistoni. Kila mzunguko kijiko hicho kinachota oili iliyotuama chini na kuirusha juu. Inazunguka hadi mara 3,600 kwa dakika, kwa hiyo oili inakuwa kama ukungu ndani ya tumbo la injini, na ukungu huo ndio unaolainisha kila kitu.

Ukishalielewa hilo kuna mambo mawili huhitaji kukumbushwa tena. La kwanza, mashine ikae sawa inapofanya kazi. Ikiinamishwa zaidi ya nyuzi 20 kwenye ukingo wa mto, oili inakimbilia upande mmoja, kijiko kinakosa cha kuchota, na chuma kinasuguana na chuma. Chimba kidogo, tandika ubao, isimame wima. La pili, oili yote iliyomo ni kama nusu lita na kidogo. Ni oili chache kwa kazi ngumu, na inachoka upesi.

Hapa ndipo hesabu huwaponyoka wengi. Kijitabu husema badilisha oili baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au kila miezi 6, kutegemea kipi kimetangulia. Wakulima wengi hushika hiyo miezi 6 kwa sababu miezi ni rahisi kuhesabu. Lakini mashine inayofanya kazi saa 6 kwa siku humaliza saa 100 katika siku 17. Msimu mmoja wa kiangazi unaweza kuhitaji kubadilisha oili mara tano au sita, na mtu akabadilisha mara moja tu, tena kwa oili iliyoshatoka kwenye gari. Andika saa za kazi kwa chaki ukutani au kwenye daftari la mbolea. Nusu lita ya oili safi haikaribii hata kidogo bei ya mkono wa pistoni uliovunjika na kutoboa bloku.

Chujio la hewa nalo liangaliwe kila saa 50, na kwenye vumbi kila siku mbili tatu. Sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa matone ya oili safi na kukamuliwa. Usilioshe kwa petroli. Karatasi haioshwi, hugongwagongwa tu au hubadilishwa. Anayelitoa kabisa "ili mashine ivute vizuri" anaingiza vumbi linalosugua silinda kama msasa, na injini ikianza kutoa moshi wa bluu haitarudi ilivyokuwa. Plagi, ile inayotoa cheche, itakueleza hali ya ndani bila kufungua kitu kingine: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni mazuri, nyeusi yenye masizi inakuambia choki imesahauliwa au chujio limeziba, nyeupe kama chokaa inakuambia injini inapata joto kupita kiasi au mafuta hayatoshi. Nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Na kabla ya kutia mkono popote kwenye pampu, hata kama ni kutoa jani tu, chomoa waya wa plagi. Injini yenye joto inaweza kuwaka mara moja ukizungusha kitu, na mara moja hiyo inatosha kuchukua vidole.

Njiani

Siku moja mashine yetu ilipelekwa shamba la pili kwa bodaboda, kama kilomita 12 za barabara ya vumbi. Ilipofika iliwashwa, ikawaka, baada ya dakika chache ikaanza kutoa moshi mzito na nguvu zikapungua. Tulipofungua kifuniko cha oili kilimwagika kimiminika chepesi chenye harufu kali ya petroli. Koki ya mafuta ilikuwa wazi njia nzima.

Ndani ya kabureta kuna floti, kama boya dogo, inayoinua kisindano cha kufunga mafuta kikombe kikijaa. Mashine ikiwa imetulia kisindano hicho kinafunga vizuri. Ikirushwarushwa na mashimo kinafunguka na kufunga mara elfu, petroli inafurika, inapita kwenye mlango wa valvu, inashuka kwenye silinda na kuishia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi tena. Ukikuta kimo cha oili kimepanda badala ya kushuka, usiwashe. Mwaga yote, weka mpya.

Kwa hiyo kabla ya safari funga koki, zima swichi, uiache ipoe kabisa, na kama safari ni ndefu toa petroli yote. Ifungwe wima, kamba zikishika fremu ya chuma. Tenki na kifuniko cha kamba ya kuwashia si mahali pa kushikia. Guta au kirikuu ni bora kuliko bodaboda, ila najua si kila mtu ana hiari hiyo. Ikibidi ilazwe kidogo, plagi ielekee juu. Mashine iliyolazwa vibaya hujaza oili juu ya pistoni, na kamba inakuwa kama imefungwa kwenye mwamba. Usiilazimishe. Toa plagi, vuta kamba taratibu ili oili itoke, futa, rudisha plagi.

Dumu la petroli lisafiri peke yake, mbali na ekzosi ya pikipiki, na lisiingie ndani ya daladala. Lisijazwe hadi mdomoni. Petroli hutanuka kwa joto, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo lita 20 zilizojazwa asubuhi zikipigwa na jua la saa nane zinaweza kuongezeka kwa karibu lita 0.4, nazo zitatafuta pa kutokea. Ukiwa sheli literemshe dumu chini kwenye sakafu kabla ya kujaza. Petroli inayotiririka kwenye plastiki hujenga umeme tuli, na dumu likiwa juu ya kiti au juu ya zulia la gari umeme huo unakosa njia ya kwenda ardhini, mpaka uruke kama cheche pale mvuke ulipo.

Mvuke huo watu wengi hawauhesabu kwa sababu hauonekani. Mafuta ya taa katika joto la kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hadi yapashwe kufikia takriban nyuzi 38. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba kwetu iko tayari saa zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka, unatambaa sakafuni kama maji, unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Hewa yenye mvuke wa asilimia 1.4 tu inawaka. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakusanyika kuchota, moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 100. Si wote waliokufa walikuwa wameshika moto mkononi. Walikuwa wamesimama ndani ya mvuke.

Ndiyo sababu hakuna kuongeza petroli injini ikiwa inanguruma au bado ya moto. Ekzosi hubaki na joto la kuunguza muda mrefu baada ya kuzima. Subiri robo saa, hata kama mfereji unakauka.

Na usinyonye petroli kwa mpira ukitumia mdomo. Tone likiingia njia ya hewa huharibu mapafu, na madhara yanaweza kuonekana baada ya saa kadhaa mtu akiwa ameshadhani amepona. Aliyemeza asitapishwe, kwa maana kutapika kunaipa petroli nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali. Kwa sababu hiyohiyo petroli isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi harufu kabla ya kugugumia.

Kisimani

Nimeacha jambo kubwa kuliko yote hadi hapa, nami naomba lisomwe taratibu.

Pampu hizi hazivuti maji. Zinatoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, na uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo, pale usawa wa bahari, unaweza kupandisha maji mita 10.3 tu, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani. Kwa vitendo, kukiwa na viungo vinavyovuja kidogo na msuguano wa mpira, ni mita 7 hadi 8. Ukipanda mwinuko kila mita 1,000 inapunguza zaidi ya mita moja, kwa hiyo Mbeya au Nakuru kipimo ni kifupi zaidi. Kusukuma ni habari nyingine: nyingi za inchi 2 zinapeleka maji juu kwa takriban mita 30.

Sasa kiangazi kinakolea, maji ya kisima yanashuka kutoka mita 6 hadi mita 10. Mashine inanguruma, maji hayaji. Mtu anafikiri, na anafikiri sawasawa kabisa: pampu ikiwa karibu na maji itanyonya, halafu isukume. Basi inashushwa kwa kamba hadi kwenye kidaraja kilichochongwa ndani ya kisima, na mtu anashuka nayo kuiwasha.

Hesabu ya maji ni sahihi. Hesabu ya hewa ndiyo inayoua. Injini ya petroli hutoa monoksidi kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kisimani haina pa kwenda. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, na kabla hajaelewa ameanguka. Injini ikizimwa gesi inabaki humo saa nyingi. Kisha ndugu yake anaona kimya, anashuka kumtoa, naye hapandi. Ndivyo kisima kimoja kinavyochukua watu wawili au watatu wa nyumba moja. Kitambaa chenye maji mdomoni hakizuii gesi hii. Anayeshuka kuokoa bila vifaa vya kupumulia anaongeza maiti. Kinachofaa ni kuita zimamoto, na kama aliyeanguka alikuwa amefungwa kamba kiunoni, kumvuta kutokea juu.

Hakuna namna salama ya kuwasha injini ya petroli ndani ya shimo. Maji yakishuka kupita uwezo wa kunyonya, kinachohitajika ni pampu ya aina nyingine, ya umeme au ya sola inayozama majini, au ya mkono. Mtoni unaweza kuisogeza mashine chini kwenye ukingo ulio wazi, mahali penye upepo. Kisimani hapana. Gesi ni ileile kwenye chumba cha jenereta, kwenye banda lililozungushiwa turubai, na barazani chini ya dirisha la watu waliolala.

Kuilaza

Ushauri wa vitabuni ni kuweka mashine kwenye banda lenye hewa, mbali na nyumba. Ni ushauri mzuri, ila banda la nje ndilo la kwanza kutembelewa na mwizi, ndiyo maana familia nyingi hulala na mashine chumbani. Siwezi kumlaumu mtu anayelinda kitu alichokinunua kwa mavuno ya misimu miwili. Ninachosema ni kwamba mashine inaweza kuingia ndani, petroli haiwezi. Imwagwe nje, kwenye dumu lake, mbali na jiko na koroboi na sigara. Kisha washa injini imalize yaliyobaki hadi ijizime yenyewe. Ikipoa, legeza bolti ya chini ya kikombe cha kabureta kwa spana namba 10, tone la mwisho litoke, uikaze tena. Iache nje siku nzima mvuke uishe, ndipo iingie. Petroli uliyoitoa, kama ni ya wiki hizi, mpe mwenye pikipiki aitumie leo. Isimwagwe mtoni, na asije mtu akaiwashia mkaa. Kama una msumeno wa mnyororo au kijenereta cha mipigo miwili, mchanganyiko wake wa petroli na oili uwe na dumu lake lenye alama. Injini ya namna hiyo ikipewa petroli tupu inakwama kwa muda mfupi sana.

Oili ibadilishwe kabla ya kulaza, injini ikiwa na joto kidogo, kwa maana oili chafu ina tindikali inayotafuna chuma miezi yote ya kupumzika. Halafu toa plagi, dondoshea oili safi kijiko kimoja cha chai kwenye silinda, vuta kamba pole mara mbili tatu isambae, rudisha plagi. Mwishowe vuta taratibu hadi kamba iwe nzito, uache hapohapo: valvu zote mbili zimefunga, unyevu wa masika hauingii. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, hatua hii haifai kuachwa.

Pampu nayo ina maji na tope tumboni. Fungua kizibo cha chini, mimina maji safi yapite, uiache wazi ikauke. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa ili nyigu wasijenge humo, na kitambaa kiwe cha rangi kali kinachoning'inia, usije ukakisahau.

Juni ikifika, toa kitambaa, pima oili, weka petroli mpya, na jaza maji kwenye pampu kabla ya kuvuta kamba, kwa sababu sili yake, ile inayozuia maji kuvuja, huungua ikizunguka kavu hata kwa dakika chache. Ikiwaka itatoa moshi mzito wa rangi ya maziwa. Ni kile kijiko cha oili ulichoweka Machi. Baada ya dakika moja au mbili moshi huo utakuwa umekwisha.